Uwanja Tuliousiriba Lubunga

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anasiriba sakafu ya jiko lake la nje. Nilikuwa natoka sokoni na mfuko wa mboga, na harufu ya udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ikanisimamisha njiani. Nilisimama muda mrefu hata akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu hapana, nikaendelea na safari yangu. Lakini nilipofika nyumbani niliweka mfuko chini na kuitazama mikono yangu, kana kwamba malengelenge ya miaka ile bado yangekuwepo.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka tulivyolelewa. Asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani, Jumamosi mchana ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya pamoja, kila mtu na jembe au panga lake, na majina yetu ya ubatizo yalibaki nyumbani, yakitamkwa na bibi zetu tu. Hayo hakuna atakayeyabisha. Ila nikisema kwamba Lubunga, mtaa wa Kisangani ulio upande wa kushoto wa mto, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, kulikuwa na klabu ya kriketi, hata watu wa umri wangu huniangalia kwa mashaka. Ilikuwepo. Mimi nilikuwa mchezaji wake, msichana wa miaka kumi na miwili, na mwaka ule niliamini kwamba nimeiua kwa mikono yangu.

Aliyeianzisha alikuwa Tonton Sefu, yaani Mjomba Sefu. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasongo, kule Maniema, lakini yeye alikulia Jinja, Uganda, ambako baba yake alipikia wachezaji wa kriketi na yeye akajifunza kwa kuwatazama, kisha kwa kucheza. Alipokuja Kisangani alipata kazi ya ukarani wa mizigo relini pamoja na Papa, baba yangu. Kazini walimwandika jina jingine, la mababu, kwa sababu ndivyo serikali ilivyotaka, na wakubwa walimwita Citoyen, yaani Mwananchi. Sisi watoto tulimwita Tonton Sefu. Alikuwa mrefu, mkimya, hana mke, na katika sanduku lake alikuwa na mipira miwili myekundu ya ngozi, migumu kama jiwe, na daftari moja la kuandikia matokeo.

Magongo hatukuwa nayo. Rafiki yangu Bolamba, mvulana wa ukoo wa wavuvi wa maporomoko ya mto, alimpeleka Tonton Sefu kwa baba yake aliyechonga makasia. Mzee yule alitazama mchoro uliochorwa chini kwa kijiti, akauliza kama hilo ni kasia la mtoto au la mtu mgonjwa, kisha akachonga. Gongo la kwanza lilipakwa mawese hadi likang'aa. Mazoezini tulitumia mipira ya kauchu, utomvu wa mti wa mpira, tuliyoikunja wenyewe, na ile ya ngozi ikawekwa kwa ajili ya mechi.

Mtu asiyeujua mchezo huo namwambia hivi: mmoja anarusha mpira, mwingine analinda vijiti vitatu kwa gongo, na akiupiga mbali anakimbia ili apate alama. Wengine wote wanatawanyika uwanjani kuudaka au kuuzuia. Katikati kuna kipande cha udongo mgumu, hatua ishirini na mbili, ambapo mpira hudunda. Sisi tulikiita njia. Njia ikiwa mbovu, hakuna mchezo.

Lakini kwa Tonton Sefu kucheza kulikuja mwisho. Kwanza zamu. Kila Jumatatu alibandika karatasi kwenye mlango wa stoo iliyokuwa kando ya uwanja: nani wa kufyeka nyasi, nani wa kuvuta pipa la maji lililolazwa ubavu ili kushindilia njia, nani wa kuifunika njia kwa turubai mvua ikija, nani wa kuandika alama, nani wa kuchemsha chai. Asiyefanya zamu hachezi, hata awe hodari namna gani. Bibi yake Bolamba alipofariki, zamu iliandikwa vilevile: siku tatu tulichota maji matangani, timu nzima, wavulana na wasichana, na mama za mtaani walishangaa kuona watoto kumi na moja wakija na ndoo bila kuitwa. Mkubwa mmoja wa chama tawala alipokuja kuuliza tunafanya nini pale, Tonton Sefu alimwonyesha nyasi zilizofyekwa na kumwambia hii ni salongo ya watoto. Mkubwa aliridhika, akaondoka.

Mama hakuridhika. Alisema msichana ana kazi yake, na kazi hiyo haifanywi kwa kukimbiza mpira mbele ya wavulana. Papa alinitetea kwa maneno machache, Mama akanyamaza bila kukubali. Kila nilipotoka na suruali fupi ya kaka yangu alinitazama tangu mlangoni hadi kwenye kona.

Siku moja Tonton Sefu alitutangazia kwamba timu ya mjini itavuka mto kuja kucheza kwetu Jumapili. Ilikuwa timu ya wenye maduka na wana wao, watu wenye magongo ya kununuliwa na suruali nyeupe. Sisi tulikuwa tumekwenda kwao mara mbili. Wao hawakuwa wamewahi kuja kwetu. Alisema wakiona njia nzuri watarudi, wakiona mbovu hawatarudi, na hatuwezi kuwalaumu.

Wiki ile zamu ya turubai ilikuwa yangu.

Alhamisi mchana nilikuwa kwa akina Bolamba. Baba yake alikuwa ananichongea gongo langu mwenyewe, la kwanza, jepesi, na mimi nilikuwa nimeketi karibu na miguu yake nikihesabu kila kipande cha mti kilichodondoka. Niliona wingu likipanda juu ya mto. Nililiona vizuri, sikudanganywa na mtu. Nikajiambia bado, amalize kwanza mkono wa gongo. Bolamba aliniuliza kama turubai liko tayari, nikamwambia ndiyo. Mvua ya kwetu haiombi ruhusa. Nilipofika uwanjani mbio, gongo mkononi, njia ilikuwa tope, na lori la mbao lililokimbia utelezi wa barabara lilikuwa limekatiza katikati yake. Matairi yalikuwa yamechimba mifereji miwili iliyofika kwenye kifundo cha mguu wangu.

Nilisimama pale nikilowa. Turubai lilikuwa nyumbani kwetu, limekunjwa vizuri, kavu.

Jioni, kabla ya chakula, Tonton Sefu alikuja kuongea na Papa barazani. Nilijificha nyuma ya pazia nikijua amekuja kunishtaki. Hakunitaja. Waliongea kwa sauti ya chini mambo ya kazi, kisha nikamsikia akisema wazi: "Basi hapa nimemaliza. Naenda Ubundu." Papa alishusha pumzi ndefu, akamwambia pole.

Ubundu, mwisho wa reli yetu. Kwangu ilikuwa mahali ambapo treni inapotelea. Nilielewa yote mara moja, jinsi mtoto anavyoelewa: ameiona njia, amechoka nasi, anaondoka. Sikulia. Nililala nikiwa na wazo moja tu: njia ikiwa nzima siku ya Jumapili, hataondoka.

Ijumaa baada ya masomo nilimwambia Bolamba ukweli, kwamba turubai sikulitandika na kwamba Tonton Sefu anakwenda Ubundu kwa sababu yangu. Kisha akasema, "Udongo ya kichuguu iko mingi nyuma ya makaburi. Tuchukue ngorofani."

Ngorofani ni toroli la gurudumu moja, na la baba yake lilipiga kelele kama mbuzi. Tulibomoa kichuguu kimoja, tukabeba, tukamwaga kwenye mifereji, tukachota maji, tukakanyaga. Safari sita, nane, sikumbuki. Jembe lilinichubua viganja, malengelenge yakatoka, yakapasuka. Giza lilipoanza tulikuwa tumejaza yote, na njia ilionekana sawa. Tulikwenda nyumbani tukiwa na furaha.

Jumamosi asubuhi njia ilikuwa imepasuka. Nyufa kila upande, pana kiasi cha kuingiza kidole, na mahali pengine udongo ulikuwa umebonyea kama kitanda cha zamani. Wachezaji wengine walikuwa wamefika, watano, sita, wamesimama kando. Habari ilikuwa imeshawafikia kwamba kosa ni langu. Mmoja alisema ni heri tuwatumie ujumbe watu wa mjini wasije. Nilichukua jembe na kuanza kuchimbua udongo wa jana. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba nikiacha kuchimba, yamekwisha.

Tonton Sefu alikuwa kazini hadi saa sita. Nilipoinua kichwa, niliyemwona akikatiza nyasi alikuwa Mama, na beseni kichwani. Nikajua amekuja kunichukua. Asubuhi aliviona viganja vyangu nilipokuwa nanawa, akavishika, akavigeuza, akaviachia. Sasa alisimama ukingoni mwa njia, akaweka beseni chini, akachukua bonge la udongo wetu na kulivunja kwa vidole.

"Nani aliwafundisha?" aliuliza. "Huu udongo mumeupa maji kama munapika fufu. Na muchanga iko wapi?"

Alilitupa bonge lile chini, akatugeukia.

"Sakafu ya nyumba yangu munaona imepasuka?"

"Hapana, Mama," Bolamba alisema.

"Bon, sawa. Wawili waende mutoni, walete muchanga. Wewe, leta majivu kwa kila nyumba utapita. Na hii maji musimwage tena, munyunyize na mukono."

Akafunga kitenge chake juu, akavua viatu, akaingia njiani. Mama yangu, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga uwanja ule, alituongoza siku nzima. Udongo, mchanga, majivu, maji kidogo, kisha kupiga. Tulipiga kwa vipande vya mbao, tumepiga magoti mstari mmoja, kama wanawake wanaosiriba nyumba mpya, na yeye akipita nyuma yetu akisikiliza sauti. Sauti ikiwa nzito alisema bado. Ikilia kavu, alisema endelea mbele. Mimi nilikuwa pembeni yake. Viganja viliniuma hata machozi yakanitoka, akaona, akachana pindo la kitambaa chake cha kichwa na kunifunga mikono yote miwili. Hakuniambia nipumzike.

Tonton Sefu alipofika, alituangalia kwa muda, akavua shati la kazini, akapiga magoti mwisho wa mstari. Alasiri tukavuta pipa juu ya njia, wanne wanne kwa zamu, kwenda na kurudi. Mawingu yalipojikusanya nililitandika turubai mwenyewe na kuliwekea mawe, nikakaa juu yake hadi Papa akaja kuniita kula. Mvua haikunyesha.

Watu wa mjini walivuka Jumapili baada ya misa, wameshika mifuko yao ya ngozi. Nahodha wao, mzee mwenye duka la vitambaa, aliinama akaibonyeza njia kwa kidole gumba, akainuka. Mchezo ulianza. Mpira ulidunda vizuri, sawasawa, na kila ulipodunda nilivuta pumzi.

Lakini Tonton Sefu alikuwa amenipanga mbali, kule barabarani, peke yangu, mahali pa mwisho kabisa. Niliona ni adhabu na sikuibishia. Nilisimama kwenye jua, mikono imefungwa kitambaa cha Mama, nikiapa kwamba hakuna mpira utakaonipita. Ilikuja mitano. Wa nne ulikuja chini kwa kasi, sikuwahi kuinama, nikauzuia kwa kifua. Nilidhani moyo umesimama. Niliuokota nikaurusha, ndipo nikakohoa.

Tulishindwa. Nilikuwa mpigaji wa mwisho, na vijiti vyangu havikuanguka hadi mwisho, lakini alama hazikutosha. Bolamba, aliyekuwa akipiga pamoja nami upande wa pili wa njia, mpira wake ulidakwa na mchezo ukaisha. Tukakaa wote pamoja, wageni na wenyeji, kwenye mikeka chini ya ukuta wa stoo. Chai ilikuwa zamu ya wengine, ila Mama alileta sufuria nzima ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukausha, na wenye suruali nyeupe walikula kwa mkono kama sisi. Yule nahodha aliuliza ni nani aliyetengeneza njia. Tonton Sefu akamwita Mama. Alikuja akijifuta mikono, ameinamisha macho.

"Ni hawa batoto," alisema. "Miye niliangalia tu."

Nahodha alisema watarudi mwezi ujao. Nilimtazama Tonton Sefu. Alikuwa anatabasamu, na mimi nikawa na hakika kwamba nimeshinda.

Jumatano, saa ya mapumziko, Bolamba alinikuta shuleni akaniambia amemwona Tonton Sefu stesheni na sanduku lake. Nilitoroka. Nilimkuta amesimama karibu na behewa, Papa amemshikia mfuko. Nilikuwa na hasira zaidi kuliko huzuni, na nilisema mambo ambayo mtoto hamwambii mtu mzima.

"Njia tuliitengeneza, Tonton. Na uliiona. Sasa kwa nini unaenda?"

Alichelewa kuelewa. Kisha akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Ulifikiri naenda kwa sababu ya ile mvua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Karatasi ya kunihamisha ilifika zamani, kabla ya mvua. Muulize papa yako. Ndiyo sababu niliwaita watu wa mjini haraka. Nilitaka kuona mechi moja kwetu kabla sijaenda."

Papa alithibitisha. Nilisimama pale nikijaribu kuzipanga upya siku zile zote. Kazi yangu haikuwa imemzuia mtu, na kosa langu halikuwa limemfukuza mtu. Sikujua kama nifurahi. Nilitoa lile lililobaki moyoni: kwamba aliniweka mbali, barabarani, kama mtu wa adhabu.

"Kule mpira ukipita haurudi tena," alisema. "Kule ninaweka mtu ambaye hachoki."

Filimbi ililia. Alipanda, akakaa upande wa pili, sikumwona tena usoni. Treni ya Ubundu ilikuwa ya polepole. Mtu angeweza kutembea pembeni yake kwa muda mrefu, na mimi nilitembea hadi mwisho wa jukwaa. Papa aliniacha nitembee. Tuliporudi, hakunisemesha juu ya shule.

Karatasi ya zamu haikubandikwa Jumatatu iliyofuata, wala hakuna aliyetarajia. Wachezaji walianza kusema klabu ilikuwa ya Tonton Sefu, na Tonton Sefu ameenda. Walisema bila ubaya, kama mtu anavyosema msimu wa viwavi umepita. Wavulana wa mtaa wa pili walikuwa tayari wanaiangalia ile sehemu kwa ajili ya kandanda.

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Mama alikuwa anawasha moto. Alinitazama nilivyovaa suruali ya kaka yangu, akanikatia kipande cha muhogo wa jana, akaniambia nile nikitembea. Nilianzia kwa Bolamba. Mama yake alifungua mlango akasema mtoto wake bado amelala.

"Nitamungoja," nilisema, nikaketi kizingitini.

Alitoka baada ya muda, macho mazito, akaniuliza nani ametuita. Nilimwambia hakuna. Alinawa uso, akaja. Tukaenda nyumba ya pili, tukaketi mlangoni vilevile, wawili. Katika nyumba ya tatu baba wa nyumba alitufukuza, tukahamia ng'ambo ya barabara na kukaa pale, mahali ambapo angetuona kila akichungulia, hadi akamtoa mwanawe nje akisema nendeni, nendeni, mniachie asubuhi yangu. Nyumba ya nne alitoka mmoja, ya tano hawakukubali kabisa. Ya sita walikubali wote wawili, dada na mdogo wake, na mdogo wake hakuwa hata mchezaji.

Umande ulikuwa haujakauka tulipofika uwanjani. Nilihesabu. Tulikuwa saba. Ilitosha kuanza.